Maktaba Moja kwa Wote, au Kila Programu na Yake

Kaa kwenye kompyuta yoyote yenye Debian au Ubuntu, iwe ya stationery pale Kizota au ya ofisi ya serikali kule Mtumba, hapa Dodoma, kisha andika ldd /usr/bin/ssh. Itashuka mistari kadhaa, na mmojawapo utakuwa na jina libz.so.1. Hiyo ni zlib, maktaba ya kubana na kufungua data iliyoandikwa na Jean-loup Gailly na Mark Adler mwaka 1995. Maktaba, kwa waandaaji wa programu, ni mkusanyiko wa kazi zilizokwisha kuandikwa ili wengine wazitumie bila kuanza upya. Programu ya ssh, ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, haikubebeshwa msimbo wa kubana data. Kila inapowashwa inaazima wa zlib. Ukiuliza mfumo ni vifurushi gani vingine vinavyoitegemea zlib, utapata orodha inayojaza skrini moja baada ya nyingine. Vyote vinaazima faili lilelile, na kifurushi chake hakifiki kilobaiti 100 kukipakua.

Kwenye kompyuta hiyohiyo, kama ni Ubuntu 22.04, Firefox imekuja kwa njia nyingine kabisa. Kifurushi chake kinazidi megabaiti 200, na ndani yake kimebeba nakala zake chenyewe za maktaba nyingi, kama msafiri asiyetaka kuomba chochote nyumba anayofikia.

Kati ya njia hizi mbili pana ubishi wa zaidi ya miaka ishirini. Unawahusu wote wanaosimamia kompyuta kwa data ya kununua, kwa sababu ndio unaoamua nani ataziba tundu la usalama likigunduliwa, baada ya muda gani, na kwa megabaiti ngapi.

Diski ndogo, 1991 hadi 1999

Linus Torvalds alipotoa Linux mwaka 1991, mwenye diski ya megabaiti 100 alijiona ana nafasi ya kutosha. Kila programu ikibeba nakala yake ya kazi za msingi, yaani kuandika kwenye skrini, kusoma faili au kupiga hesabu, diski ingejaa kabla mtu hajafanya la maana. Jibu lilikuwa limeshapatikana kwenye mifumo ya Unix: maktaba ya pamoja. Faili moja linakaa kwenye diski, linapandishwa kwenye kumbukumbu mara moja, na programu kumi zinalitumia kwa wakati mmoja. Katikati ya miaka ya 1990 Linux ilihamia kwenye muundo wa faili uitwao ELF, na kutengeneza maktaba za namna hiyo kukawa kazi nyepesi kuliko zamani.

Basi sababu ya kwanza ilikuwa uchumi wa diski. Usalama haukuwa umeingia kwenye hoja.

Agosti 1993 Ian Murdock alitangaza Debian, mojawapo ya distro za mwanzo. Distro inakusanya programu za watu mbalimbali, inazijenga upya kutoka kwenye msimbo wake, inazioanisha, kisha inazigawa kama familia moja. Kila kifurushi cha Debian kilitaja wazi vifurushi vinavyokitegemeza, na mwaka 1999, toleo la 2.1 lilipokuja na APT, amri moja ilitosha kupakua programu pamoja na kila inachohitaji. Hapo wazo la maktaba ya mfumo likakamilika: kila maktaba ina kifurushi kimoja, mtunzaji anayejulikana na mahali pamoja pa kurekebishia.

Machi 2002: zlib inapasuka

Uzuri wa mpango huo ulionekana siku ulipovunjwa. Machi 2002 ilitangazwa kwamba zlib ina kosa: data iliyotungwa kwa ujanja ingeweza kuifanya iachilie sehemu ileile ya kumbukumbu mara mbili, na mshambuliaji angeweza kupitia hapo. Toleo la 1.1.4 lilirekebisha kosa hilo. Walioitumia zlib ya mfumo walipakua kifurushi kimoja, wakawasha upya huduma zao, wakamaliza.

Lakini uhuru wa kunakili msimbo ulikuwa umezaa tabia. Kwa miaka kadhaa waandaaji walikuwa wameichukua zlib na kuitia ndani ya programu zao. Rsync ilikuwa na yake, tena iliyobadilishwa kidogo. Kiini cha Linux chenyewe kilikuwa na nakala zake. Watunzaji wa distro walilazimika kupekua msimbo wa programu mojamoja wakitafuta zlib iliyojificha. Kuna aliyeandika chombo mahususi cha kuchungulia ndani ya faili zilizokwisha kujengwa, kutafuta alama za zlib.

Julai 2005 kosa lingine la zlib likatangazwa, na msako ukaanza upya.

Naona hapa ndipo hoja ilipogeuka. Nafasi ya diski haikuwa tena shida kubwa. Diski zilikuwa zimekua na bei imeshuka. Swali likawa: kosa likipatikana leo, unajua liko wapi na wapi? Timu ya usalama ya Debian ilianza kutunza orodha ya nakala zilizofichwa ndani ya vifurushi vingine, na sera ya Debian ikaandika kwamba vifurushi visitumie nakala hizo, isipokuwa pale ambapo maktaba yenyewe imekusudiwa kutumika kwa namna hiyo.

Dar es Salaam, 2004: programu ya ofisi kwa Kiswahili

Wakati huo huku kwetu kulikuwa na kazi nyingine. Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na kampuni ya Kiswidi ya IT+46, ilikuwa kwenye mradi wa Kilinux wa kuleta programu huria kwa Kiswahili. Desemba 2004 walizindua Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ambayo menyu zake zilisomeka kwa lugha yetu.

OpenOffice ilikuwa mfano mkubwa wa programu inayotembea na mizigo yake. Ilipaswa kuendeshwa kwenye Windows, Linux na Solaris, na mwandaaji hakuweza kutegemea kwamba kila mahali atakuta zlib, au expat ya kusoma XML, au Python. Kwa hiyo vyote viliwekwa ndani. Kwa aliyechoma CD na kwenda kuipandisha kwenye maabara ya shule isiyo na intaneti, hilo lilikuwa neema: kila kitu kilikuwa kwenye diski moja. Watunzaji wa distro kwa upande wao waliifungua OpenOffice, wakaondoa nakala hizo mojamoja, wakaiambia itumie maktaba za mfumo. Kazi hiyo iliendelea kwa miaka, na LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, inampa mjenzi chaguo la kutumia maktaba za mfumo kwa kila kitu kinachowezekana.

Kuna kitu kidogo kwenye programu hizo ambacho Mswahili anakiona kwa macho: kikagua tahajia. Orodha ya maneno ya Kiswahili inayotumiwa na LibreOffice inakaa kwenye faili mbili, sw_TZ.dic na sw_TZ.aff. Ya kwanza ina maneno, ya pili ina kanuni za viambishi. Kila programu ikibeba nakala yake ya faili hizi, neno unalolisahihisha kwenye LibreOffice litaendelea kupigiwa mstari mwekundu kwenye barua pepe. Debian inaziweka kwenye kifurushi kimoja, hunspell-sw, ndani ya folda inayosomwa na LibreOffice na Firefox ya Debian. Ukirekebisha hapo, umerekebisha kote.

Oktoba 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa Ubuntu ya kwanza, iliyojengwa juu ya Debian. Kwa miaka kadhaa CD zake zilitumwa bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba. Nchi yetu ilikuwa ikitegemea satelaiti kwa intaneti; mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009 na EASSy ukafuata mwaka 2010, ndipo Mkongo wa Taifa ukawa na kitu cha kusafirisha hadi mikoa ya kati. Kabla ya hapo, kupakua marekebisho ya kilobaiti 100 badala ya programu nzima ya megabaiti makumi kulikuwa ndiyo tofauti kati ya kompyuta iliyozibwa na isiyozibwa.

Mei 2008: dumuzi kwenye ghala la taifa

Wanaotetea maktaba ya mfumo wasikwepe ya Mei 2008.

Chukua mfano wa ghala: Kizota ina maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Mahindi yakikusanywa pamoja yanalindwa na wataalamu, yanapigwa dawa kwa ratiba, na nchi inajua ina tani ngapi. Kijijini kila kaya ina kihenge chake na inajilinda yenyewe. Utaratibu wa ghala ni bora, mpaka siku dumuzi anapoingia ghalani: hapo hasara haiwi ya kaya moja.

Mwaka 2006 mtunzaji wa OpenSSL, maktaba ya kusimba mawasiliano kwa siri, ndani ya Debian aliondoa msimbo uliokuwa ukitoa onyo kwenye chombo cha kukagua kumbukumbu. Msimbo huo ndio uliokuwa ukiingiza unasibu kwenye utengenezaji wa funguo za siri. Baada ya badiliko hilo, kilichobaki kutofautisha ufunguo mmoja na mwingine kilikuwa ni namba ya mchakato tu, hivyo kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo palikuwa na funguo zisizozidi 32,768. Mtu angeweza kuzitengeneza zote nyumbani kwake na kuzijaribu moja moja. Luciano Bello aligundua, na Debian ikatangaza tarehe 13 Mei 2008. Kila kompyuta ya Debian na Ubuntu iliyotengeneza ufunguo katika kipindi hicho ilibidi itengeneze upya.

Hili halikutoka kwa waandishi wa OpenSSL. Lilitoka kwa mfungashaji. Aliyebeba nakala yake isiyoguswa alisalimika. Waandaaji wengi wa programu wamelitumia tukio hili tangu hapo kusema: msiguse msimbo wetu, tutakuja na vitu vyetu. Wana haki kwa kiasi. Lakini tazama pia namna lilivyomalizwa: tangazo moja, kifurushi kimoja, pamoja na orodha ya funguo mbovu iliyowekwa ndani ya marekebisho ili mfumo uzikatae wenyewe. Ugonjwa uliingia kwa mlango mmoja, na dawa ikapita mlango huohuo.

2009 hadi 2015: kivinjari kilichokuja na vyake

Google ilitoa Chrome Septemba 2008, na msimbo wake huria ukaitwa Chromium. Tom Callaway wa Fedora, distro nyingine, alipojaribu kuifungasha, alikuta ndani yake maktaba nyingi zilizonakiliwa, nyingine zikiwa zimebadilishwa kiasi kwamba hazilingani tena na za asili. Mwaka 2009 alieleza hadharani kwa nini Chromium haiwezi kuingia Fedora. Kanuni ya Fedora ilikuwa kali: hakuna maktaba za kubebwa ndani, na anayetaka ruhusa aombe kwenye kamati.

Hoja ya wajenzi wa Chromium haikuwa ya kipuuzi. Kivinjari kilikuwa kikitoka kila baada ya wiki sita kwenye mifumo mingi, na wao walitaka kilekile walichokijaribu ndicho kimfikie mtumiaji. Tena walikuwa na watu wa kulipwa wa kufuatilia matundu ya kila maktaba waliyoibeba. Mradi wa watu wawili hauna watu hao, na hapo ndipo mfano wa Chromium ulipowapotosha wengi: walichukua tabia ya kubeba bila kuchukua wajibu wa kutunza.

Lugha mpya zikaongeza nguvu upande huo. Go ilifika toleo la 1 mwaka 2012 ikijenga programu kuwa faili moja lenye kila kitu ndani. Rust ikafuata Mei 2015. Katika lugha hizi kubeba ndiyo njia ya kawaida, na kuazima ndiko kunakohitaji maelezo.

Fedora ilisalimu amri kwa busara. Mwaka 2015 iliamua kwamba programu inayoweza kujengwa kwa maktaba za mfumo lazima ijengwe hivyo. Isiyoweza, inaruhusiwa kubeba, ila kila maktaba iliyobebwa itajwe kwa jina kwenye maelezo ya kifurushi. Chromium ikaingia mwaka 2016. Mimi nauona uamuzi huo kuwa ndio bora kuliko yote katika historia hii, kwa kuwa uliacha kugombana na mzigo na kudai uandikwe. Kosa likitangazwa, unatafuta jina kwenye orodha.

Katikati ya mabishano hayo, tarehe 7 Aprili 2014, ikatangazwa Heartbleed, kosa la OpenSSL 1.0.1 lililomruhusu mtu wa mbali kusoma vipande vya kumbukumbu ya seva, pengine na nywila ndani yake. Mwenye seva ya Debian aliandika apt-get update, kisha apt-get upgrade. Kilichowakamata wengi ni hatua ya tatu: programu iliyokwisha kuwaka hushikilia nakala ya zamani kwenye kumbukumbu hata baada ya faili kubadilishwa kwenye diski. Ukipita na lsof unaliona faili la zamani limeandikwa DEL, limefutwa lakini bado linatumika. Usipowasha upya huduma hiyo, hujaziba kitu.

Desemba 2021: ndani ya faili la WAR

Kwa Afrika Mashariki somo lililogusa watu wengi zaidi lilikuja kupitia mifumo ya afya. DHIS2, inayoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo na yenye mizizi katika mradi ulioanzia Afrika Kusini mwaka 1994, inakusanya takwimu za zahanati na hospitali. Kenya iliianza kitaifa mwaka 2011, Tanzania ikaieneza katika miaka hiyohiyo. Taarifa za chanjo na za malaria kutoka wilayani hupita humo.

Muundo wake unaonyesha njia zote mbili kwenye seva moja. Ubuntu, PostgreSQL, Java na Tomcat kwa kawaida hutoka kwenye hifadhi ya distro. DHIS2 yenyewe inakuja kama faili moja la WAR, na ukilifungua unakuta folda ya WEB-INF/lib iliyojaa maktaba za Java zilizobebwa.

Tarehe 10 Desemba 2021 dunia iliamkia Log4Shell. Log4j, maktaba ya kuandika kumbukumbu za matukio, ilikuwa ikiona maneno ya aina fulani kwenye maandishi inakwenda kuleta msimbo kutoka nje na kuuendesha. Mshambuliaji alihitaji tu kuandika sentensi hiyo kwenye kisanduku chochote ambacho programu ingekirekodi. Chen Zhaojun wa Alibaba Cloud alikuwa ameitoa taarifa yake Novemba. Tundu lilipewa alama 10 kati ya 10.

Debian na Ubuntu zilirekebisha kifurushi chao cha Log4j ndani ya siku chache. Msimamizi aliyeandika apt upgrade aliona kazi imekwenda sawa, skrini imesema yote ni mapya. Lakini Log4j iliyokuwa ikiendeshwa haikuwa ile ya mfumo. Ilikuwa ndani ya WAR, na APT haioni ndani ya WAR. DHIS2 nayo iliitumia Log4j, na timu yake ikatoa matoleo ya marekebisho mwezi huohuo, kwa haraka ya kupongezwa. Kila nchi ikabidi ipakue na kupandisha faili zima upya.

DHIS2 walikuwa na timu. Fikiria mifumo mingine ya Java, ya ankara, ya ghala, ya ada za shule, iliyojengwa na kampuni zilizokwisha kufungwa au na kijana aliyemaliza mkataba akaondoka. Ndani yake mna Log4j ya mwaka gani? Hakuna aliyeandika.

Machi 2024: upande wa pili tena

Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, mmoja wa waandaaji wa PostgreSQL, alitangaza kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana data, yana mlango wa siri. Aliugundua kwa sababu kuingia kwa ssh kulichelewa nusu sekunde kuliko kawaida. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa amejenga imani kwenye mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili.

Ssh haitumii xz. Distro kadhaa, Debian na Fedora zikiwemo, zilikuwa zimeiunganisha sshd, upande wa seva wa ssh, na maktaba ya systemd, nayo systemd ikaivuta liblzma ya xz. Mnyororo wa maktaba za mfumo ndio uliompa mhalifu njia. Debian imara haikuguswa. Ni matoleo ya majaribio tu yaliyokuwa yameshaipokea, na Debian iliyarudisha nyuma mara moja kwa amri ileile ya siku zote.

Kabla ya hapo, mapema 2021, kamati ya ufundi ya Debian ilikuwa imekubali Kubernetes ibaki ikibeba maktaba zake za Go, takriban 200, kwa sababu kuzitenganisha kulikuwa kazi nzito mno. Na Septemba 2023 kosa la libwebp, maktaba ya picha, lilipotangazwa, mwenye Debian alisasisha kifurushi kimoja kwa programu zote zinazoazima, kisha akakaa kusubiri programu za mezani zilizojengwa juu ya Chromium, kila moja ikitoa toleo lake kwa siku yake.

Kwa wanaojenga leo

Msimamo wangu ni huu: kwenye seva inayotunza taarifa za watu, anza na maktaba ya mfumo. Iache pale tu inaposhindikana, na andika sababu. Makosa ya 2008 na 2024 yalikuwa mazito, lakini yalionekana, yakahesabika na yakazibwa kote kwa pamoja. Nakala iliyofichwa inangoja mtu akumbuke kwamba ipo.

Naandika haya nikiwa Dodoma, mji ambao tangu serikali ilipoanza kuhamia mwaka 2016 umejaa mifumo inayojengwa na vijana wa hapahapa, wengi wao kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Ombi langu kwenu ni dogo. Mnapokabidhi mfumo, kabidhini na karatasi moja: majina ya maktaba zote zilizomo ndani, matoleo yake, na jina la mtu atakayezisasisha. Nanyi mnaopokea mfumo, msitie saini hadi karatasi hiyo iwe mezani.